Nimepewa mizizi, polinomia yenyewe naitoaje?

PCM_wa_Bweni:
Wakuu, shikamooni. Niko kidato cha tano, kesho asubuhi tunakusanya madaftari na swali hili limenigomea tangu jana. Polinomia ya digrii 3, koefishenti zote (namba zinazokaa mbele ya x) ni namba halisi. Mizizi miwili, yaani thamani za x zinazoipa sifuri, ni −1 na 2 + i (ile i ambayo i² = −1), na grafu inakata mhimili wa y kwenye −10. Nimeandika (x − 1)(x + 2 + i), nikazidisha karatasi nzima. Ile i haiondoki, na digrii inaishia 2.

Chaki Nyeupe:
Marahaba dogo. Umepotea kabla hujaanza kuzidisha. Ndani ya mabano ni x *kutoa* mzizi, kwa hiyo −1 inakupa (x + 1). Weka −1 kwenye mabano yako uone: inatoka −2, si sifuri.

Halafu koefishenti zikiwa halisi, 2 + i haitembei peke yake, inakuja na pacha wake 2 − i. Huyo ndiye mzizi wa tatu uliyekuwa unamtafuta. Anza na mapacha, na usifumue kila kitu; shika (x − 2) kama kitu kimoja:

(x − 2 − i)(x − 2 + i) = (x − 2)² − i² = (x − 2)² + 1 = x² − 4x + 5

i imekufa hapo. Zidisha kwa (x + 1): x³ − 3x² + x + 5.

PCM_wa_Bweni:
Duh, asante mkuu. Ila nikiweka x = 0 napata 5, wao wanataka −10. Nitoe 15?

Mama Hesabu:
Usitoe kitu mwanangu! Ukitoa 15, weka tena −1: utapata −15, mzizi umeshapotea. Hapo unazidisha tu. Polinomia zenye mizizi hiyo ni nyingi, zinatofautiana kwa a inayokaa mbele ya mabano. 5a = −10, a = −2.

−2x³ + 6x² − 2x − 10

Naunga Tela:
Hiyo a ndiyo iliyonila alama enzi zangu. Dogo, hakiki hivi: jumla ya mizizi ni 3. Kwenye jibu, 6 ya x² gawa kwa −2 ya x³, geuza alama: 3. Ujanja wa Viète huo, Mfaransa wa karne ya 16.

PCM_wa_Bweni:
Imekubali! Kipengele (b) wametoa 3 + √2, koefishenti namba kamili. Pacha ni 3 − √2?

Chaki Nyeupe:
Ndiyo, kwa sababu wamesema namba kamili. Wangesema halisi tu, √2 isingelazimika kuja na mtu. Zidisha mwenyewe, utuwekee jibu hapa.