Rangi ya modeli ya Land Rover 1:24 inageuka nyeupe: ni baridi ya Njombe au ni thina?

Mkazi wa Njombe

Kamwene wanajukwaa, na poleni na baridi ya Julai nyote mlioko huku nyanda za juu.

Ninaunda modeli ya Land Rover 109 Series III kwa skeli ya 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Niliipata ikiwa boksi la vipande vya plastiki, na nikaipendelea kuliko magari ya mashindano kwa sababu ndiyo gari iliyopanda huku kwetu na chanjo, mbegu na wagonjwa katika miaka ambayo barabara zilikuwa tope tupu. Chesisi, springi, difu na injini vimekwisha kuungwa, na hata nyaya nne za plagi nimeziweka kwa nyuzi nyembamba za shaba nilizozitoa kwenye chaja ya simu iliyokufa.

Kikwazo kipo kwenye bodi. Nilipaka praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, nikaipiga msasa wa maji namba 1000, kisha nikapuliza rangi ya kijani ya kopo, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya kuziba mikwaruzo ya magari. Rangi hutua ikiwa inang'aa, lakini baada ya dakika chache hufunikwa na utando mweupe, hasa nikipuliza asubuhi au jioni, na kwenye boneti imekauka ikiwa na vishimo-vishimo kama ganda la chungwa. Kazi hii naifanyia kwenye kibaraza cha nyuma, na usiku huiingiza bodi katika chumba chenye jiko la mkaa ili ikauke upesi.

Naomba kujua kama tatizo ni kopo, ni thina au ni hali ya hewa, na kama nalazimika kuivua rangi yote. Jambo la pili ni kwamba vipande vyangu vimetengenezwa kwa usukani wa kushoto, nami siwezi kuiweka mezani Land Rover ya Tanzania yenye usukani wa kushoto. Aliyewahi kuuhamisha anielekeze.

Fundi Rangi wa Uyole

Ndugu yangu wa Njombe, kopo lako halina ubaya. Weupe huo ni maji. Rangi hizi za magari huyeyushwa kwa thina inayoruka haraka, na thina inaporuka huchukua joto la kile ilichokalia. Uso wa plastiki ukipoa kupita kile kiwango ambacho umande huanza kujijenga, unyevu wa hewani hutua juu ya rangi ambayo bado ni mbichi na kunaswa humo humo. Kwenye magereji ya Mbeya tunapambana na jambo hilo msimu wa baridi, na wenzetu wa Tukuyu hupambana nalo muda mwingi wa mwaka kwa sababu ya mvua. Asubuhi ya Njombe yenye ukungu ni wakati mbaya kuliko wote wa kupulizia rangi ya aina hiyo.

Usiivue bado. Ngoja siku yenye jua, na ufanye kazi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kama una kompresa na gani ndogo ya kupulizia rangi, tafuta thina inayochelewa kuruka, ambayo mafundi wengi tunaiita ritada, upulize ukungu mwembamba juu ya sehemu zenye weupe ukiwa mbali kidogo, kiasi cha sentimita 25. Rangi italegea, unyevu utapata njia ya kutoka, na mng'ao utarudi wenyewe. Kama huna gani, pitisha rangi ile ile ya kopo kwa wepesi katika saa kavu, nayo mara nyingi hufanya kazi hiyo hiyo. Katika njia zote mbili usilowanishe, kwa sababu plastiki ya modeli ni polistirini na thina ya magari huila. Praima ikiwa nyembamba kwenye kona, thina itapenya na kukuachia mikunjo ambayo msasa hauiondoi bila kuharibu umbo.

Ganda la chungwa linatokana na ubaridi huo huo, ila kwa njia nyingine. Kopo likiwa baridi, msukumo wake hupungua na rangi huwa nzito, ikatoka kwa matone makubwa yasiyowahi kujitandaza. Kabla ya kupuliza, liweke kopo dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, kisha ulitikise vizuri. Maji yanayochemka na moto ni mwiko, kwa kuwa kopo linaweza kupasuka. Bodi nayo iwe imekaa ndani ikapata joto la chumba, usiitoe kwenye baridi ukaipulizia papo hapo. Boneti yako inaokolewa kwa kuiacha wiki nzima ikomae, ukaipitishia msasa wa maji namba 1500 na kisha 2000, ukamalizia kwa dawa ya kung'arishia.

Kuhusu jiko la mkaa, niruhusu niwe mkali. Mvuke wa thina hushika moto, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imekwisha kuua familia zilizolala. Kinachohitajika ni kasha la mbao au la katoni ngumu lenye matundu ya hewa na balbu ya zamani, ile inayotoa joto, iliyowekwa mbali na modeli. Bodi iingie humo baada ya mvuke wa kwanza kuisha nje. Joto la nyuzi 40 linatosha kabisa. Polistirini hulegea ikikaribia nyuzi 100, na vipande vyembamba kama nguzo za kioo cha mbele hupinda kabla ya kufika huko.

Kisu na Msasa, Iringa

Fundi wa Uyole ameeleza vizuri, ila mimi sikubaliani naye kwamba uendelee kuongeza rangi juu ya rangi. Kwenye gari la kweli tabaka moja zaidi halionekani. Kwenye skeli ya 1:24, tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na kulipaka gari halisi kitu chenye unene wa milimita 2.4, na matokeo yake mistari ya milango hujaa, ribiti, ile misumari inayobana mabati, hupotea, na gari zima huonekana limeviringwa. Land Rover ni gari la kona kali na ribiti nyingi, kwa hiyo ndilo linaloumia zaidi. Kama weupe hautoki kwa mpulizo mmoja mwepesi, vua.

Kuvua bila kuyeyusha plastiki kunawezekana kwa mafuta ya breki ya DOT 3, ambayo utayapata kwenye duka lolote la vipuri. Vaa glavu, jaribu kwanza kwenye lile tawi la plastiki lililoshikilia vipande, kisha uilaze bodi humo kwa saa kadhaa na kuisugua kwa mswaki laini. Ioshe kwa sabuni mpaka utelezi wote uishe, la sivyo praima mpya haitashika. Kabla ya kupaka tena, pitisha ncha ya kisu taratibu kwenye mistari ya milango ili iwe na kina cha kutosha kustahimili rangi.

Usukani si mgumu kama unavyouogopa, lakini Series III ina jambo lake: saa za dashibodi, yaani vipimo vya mwendo na mafuta, zimekaa mbele ya dereva. Hiyo ina maana kwamba hutahamisha usukani peke yake, bali utakata dashibodi na kuzipeleka saa hizo kulia, na nafasi itakayobaki kushoto uizibe kwa kipande cha plastiki bapa. Kadi ya simu iliyokwisha matumizi hufaa kwa umbo, lakini gundi ya polistirini haiishiki vizuri, hivyo tumia supagluu. Pedali huhamia kulia, pamoja na boksi la stering na fimbo yake inayokwenda mbele, kwa kuwa boneti ikifunguliwa mtu anayelijua gari hili ataziangalia hizo kwanza. Gia hubaki katikati. Vioo usiviguse kwa supagluu, kwani mvuke wake huvitia ukungu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha na ikikauka haionekani.

Mzee wa Gereji, Mafinga

Vijana, nimewasoma. Mimi si mtu wa modeli, wanangu walitengeneza vya mabua na malapa na vikatosha, lakini Land Rover nimezifungua na kuzifunga tangu ujana. Wewe wa Njombe, una hakika gari unayoikumbuka ni Series III? Tafuta picha uangalie taa. Zikiwa zimesogeleana katikati, zikiwa kwenye paneli ile ile ya wavu wa rejeta, hiyo ni Series II au IIA ya mwanzo. Taa zilihamia kwenye mabawa, yaani bodi iliyo juu ya magurudumu ya mbele, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Series III iliyoanza mwaka 1971 ilikuja nazo huko huko, pamoja na wavu wa plastiki. Tena kwenye Series II saa za dashibodi zipo katikati, kwa hiyo saa hutazipeleka kulia kama anavyosema mwenzako wa Iringa, bali katikati.

Jambo jingine. Nimeona kwenye simu ya mjukuu wangu modeli za Land Rover zilizopakwa kutu nyekundu kwenye milango na mabawa, nikacheka. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu. Lilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita na aluminiamu ikapatikana, nao wakaendelea nayo. Bodi haishiki kutu nyekundu. Rangi ikichubuka unaona fedha iliyofifia. Kutu ya kweli itafute kwenye chesisi, kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, chini ya sakafu ya miguu, na kwenye rimu. Mahali aluminiamu inapokutana na chuma, rangi hufura na kutoa unga mweupe. Ukiweka hayo mahali pake, fundi yeyote atajua kwamba aliyeiunda alimwuliza mtu anayejua.

Mkazi wa Njombe

Shikamoo Mzee. Nimetafuta picha, na umesema kweli: taa zipo katikati. Nimeamua kuibadilisha modeli iwe Series IIA badala ya kulazimisha kumbukumbu ifuate boksi. Paneli ya mbele nitaikata kwenye kopo la soda, lakini wavu wa rejeta sijui niutengeneze kwa kitu gani. Kadhalika nataka iwe na vumbi la njia yetu ya Makambako kabla ya lami, lile jekundu. Naweza kuchota udongo wenyewe?

Fundi wa Uyole, jiko limekwisha kuondoka chumbani. Weupe umetoka kwenye paa na upande mmoja kwa mpulizo wa saa saba mchana. Upande wa pili na boneti nitavivua kwa mafuta ya breki, kwa hiyo nimewatii wote wawili.

Mzee wa Gereji, Mafinga

Marahaba, mwanangu. Usisahau kwamba nyingi za kwetu zilikuwa na paa la pili juu ya paa, la kuzuia jua, na katikati yake hewa hupita. Pale katikati vumbi halioshwi na mvua.

Kisu na Msasa, Iringa

Kwa wavu, nunua chujio la chai la waya, lile la bei ndogo kabisa la sokoni, uchague lenye matundu ya mraba yaliyo makubwa kidogo. Likate kwa mkasi wa zamani, ulinyooshe kati ya vibao viwili, ulipake rangi ya fedha iliyofifia kabla ya kulibandika nyuma ya paneli. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo litakata vidole kabla hujatambua. Kingo zake zipige msasa namba 600, na ulipake praima ya metali kwa sababu rangi haishiki kwenye aluminiamu tupu.

Udongo wenyewe unafaa kwa rangi yake, haufai kwa ukubwa wake. Chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo mkononi unaiona ni vumbi, kwenye modeli yako ni kokoto ya milimita mbili na nusu. Ukaushe juani, uutwange, uuchuje kwa kitambaa cha soksi ya nailoni iliyokunjwa mara mbili, na kile kitakachobaki juu ya soksi kiweke kwa ajili ya tope la chini ya mabawa, ukichanganya na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Ule laini upake kwa brashi kavu juu ya vanishi isiyong'aa, kwa sababu vumbi haliushiki uso wenye mng'ao, kisha upulize vanishi hiyo hiyo kwa mbali ili ulishikilie. Vanishi hulififisha vumbi, basi weka zaidi kidogo ya unavyotaka lionekane. Anzia nyuma na chini, kwa kuwa gari hujipigia vumbi lenyewe kwa magurudumu, na kwenye kioo cha mbele acha nusu-duara mbili safi za waipa. Na hiyo vanishi pia ipulize mchana.