Mjadala: Intaneti "anlimitedi" inayokatwa spidi katikati ya mwezi, ni haki au tunadanganywa? (muvi moja ya HD ni GB 4)

Mlinzi wa Zamu
Wakuu habari za usiku. Kuna jambo linanikera naomba tulijadili. Nimelipia intaneti ya nyumbani, tangazo lao limeandikwa anlimitedi, Mbps 10, mwezi mzima. Wiki ya kwanza raha mustarehe, muvi ya 1080p ya GB 4.3 inashuka ndani ya saa moja. Tarehe 13 tu, muvi ya ukubwa uleule inaniandikia masaa tisa na nusu. Nikadhani ni mvua, nikazima rauta nikawasha, nikaihamishia dirishani, wapi. Kupiga simu ndio naambiwa umefikia kikomo cha matumizi, spidi imeshushwa mpaka Mbps 1 hadi mwezi uishe. Kikomo kimeandikwa wapi? Kwenye vigezo na masharti. Hoja yangu ni moja, kama kikomo kipo basi namba yake iandikwe pale pale mbele kwenye bango kwa herufi kubwa kama walivyoandika hilo neno anlimitedi. Sikatai kuwekewa kikomo, nakataa kufichwa.

Nyuki Dume
Mkuu tatizo ni wewe. GB 4 za muvi moja za nini? Mnara mmoja tunautumia mtaa mzima, wewe ukishusha sizoni nzima saa mbili usiku mwenzako kumpigia mtoto wake simu ya video inakwama, sura inabaki imeganda mdomo wazi. Mimi nawaunga mkono hao waliokukata.

Kijana wa Songea
Mtoa mada pole. Huku kwetu anlimitedi tunaisikia tu, tunaishi na bando la usiku. Naweka alamu saa sita usiku, naanzisha, nalala, nikiamka alfajiri muvi ipo. Mchana siwezi, bando la mchana nalihurumia.

Tajiri Mtoto
Mbps 10 halafu GB 4 saa nzima? Mbona hesabu haikai? MB 4000 gawa kwa 10 ni sekunde 400, dakika saba hivi. Walikuwa wanakuibia toka siku ya kwanza mkuu, au rauta yako mbovu.

Bwana Nukta
@Tajiri Mtoto hapo umechemka kaka. Mbps ni megabiti, faili lako linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Mbps 10 ukigawa kwa 8 unapata MB 1.25 kwa sekunde. GB 4.3 hapo ni dakika kama 57, mtoa mada yuko sahihi kabisa. Na ikishuka Mbps 1 ndio yanakuja hayo masaa tisa na nusu, hajaongeza chumvi.

Tajiri Mtoto
Sawa mwalimu, ila si ungesema tu bila "umechemka". Watu humu mkijua kitu kimoja mnataka kututembelea kichwani.

Bwana Nukta
Samahani kaka, sikukusudia. Ila hilo kosa linawaumiza wengi dukani, mtu anauziwa Mbps 20 anaenda nyumbani anategemea MB 20 kwa sekunde, anapata 2.5 anaanza kugombana na fundi aliyemfungia.

Fundi Antena
Nimesoma wote, ngoja niwaambie ukweli mchungu. Nafunga TV na ving'amuzi mwaka wa kumi na moja huu. Nusu ya wateja wangu wana TV ya inchi 32, na nyingi kati ya hizo kioo chake ni 1366 kwa 768, geuzeni nyuma muone imeandikwa HD tu, siyo Full HD. Sasa mtu unashusha 1080p yenye pikseli milioni 2 na kitu ukaiangalie kwenye kioo chenye milioni 1, TV inachofanya ni kuibana picha iingie, ile nusu uliyoilipia bando huioni. Shusha 720p, utaokoa bando na macho yako hayatajua. Halafu jambo la pili, hizo "p" ni ukubwa wa picha tu, ubora unakaa kwenye bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumika kila sekunde ya muvi. Mtu anajisifu ana 1080p ya MB 700, fungua sehemu ya giza au mvua uone vile viboksi vinavyocheza ukutani. 720p ya GB 1.5 iliyobanwa vizuri inaipiga hiyo asubuhi na mapema. Na kwa mnaoangalia muvi za kutafsiriwa za vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani, ndio kabisa hamna haja ya kujisumbua na HD, kule picha siyo hoja.

Mama Ashura
Fundi hiyo sentensi yako ya mwisho imenichoma. Hamna haja kwa nini, sisi hatuna macho?

Fundi Antena
Dada sijamtukana mtu. Nimesema muvi za kutafsiriwa zinakuwa zimerekodiwa juu ya nakala ya nakala, kuangalia HD hapo ni kupoteza bando.

Mama Ashura
Hukusema hivyo, umesema "hamna haja ya kujisumbua". Nikueleze. Mama mkwe wangu yuko Lindi, ana miaka sabini na kitu, Kiingereza hajui na subtaito zinampita kabla hajamaliza neno la kwanza. Kabla sijamletea zilizotafsiriwa alikuwa anakaa na rimoti mkononi, kila dakika ananigusa goti, "kasemaje huyo?" Mimi nimechoka na kazi za kutwa, namwambia kasema twende. Mtu ameongea dakika nzima mimi nasema kasema twende! Nilikuwa namwonea. Siku nimempelekea flashi ina za kutafsiriwa alikaa mpaka mwisho hakuniuliza kitu, anacheka peke yake. Sasa huyo bibi ndiye hana haja na picha nzuri? Yeye ndiye mwenye mtoto wa jicho, ndiye anayeihitaji kuliko wewe.

Kijana wa Songea
Mama umenigusa. Bibi yangu hivyo hivyo.

Pwani254
Nawasalimu kutoka Mombasa. Msidharau hizo muvi jamani. Huku Kenya DJ Afro amewafanya watu wazima wapende sinema ambazo wasingezitazama hata kwa kulipwa. Yule hatafsiri tu, anawapa majina, anawagombeza, unajiona uko nao ndani.

Nyuki Dume
Kenya tena? Hii kazi ya kutafsiri muvi kina Lufufu wameifanya Bongo mpaka wakawa wafalme, nyie mmekuja nyuma.

Pwani254
Sijasema nani alitangulia ndugu, nimesema anafanya vizuri. Uganda nao wana watu wao wanawaita VJ, wanatafsiri kwa Kiganda, na wao wana miaka mingi. Kila mtu ana wake.

Nyuki Dume
Sauti ya Lufufu haina mpinzani, mimi nimekulia kwenye kibanda umiza Mbagala, jero mlangoni, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu, lakini mtu ukitoka pale unaisimulia muvi wiki nzima. Huyo wa kwenu anapiga kelele tu.

Pwani254
Wewe hujamsikiza hata mara moja, sema kweli.

Karani Mstaafu
Vijana, kwanza shikamoo mnayostahili kunipa sijaipata, lakini siyo neno. Nauliza tu, hao wote mnaowasifia wana ruhusa ya wenye kazi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Hapa mtoa mada analalamika kakatwa spidi akishusha muvi, na hakuna aliyemuuliza anaishusha wapi. Unadai haki ya kampuni kukuandikia ukweli na wewe unachukua jasho la mwenzako?

Mlinzi wa Zamu
Shikamoo mzee. Naheshimu hoja yako lakini usinihukumu, mimi nina akaunti ya kulipia, nashusha ndani ya programu yenyewe niangalie nikiwa zamu ya usiku kazini ambako mtandao hakuna. Mtu akilipia bado GB zinaenda vilevile mzee. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, sasa mimi nikibakishwa na Mbps 1 hata uhalali wangu unanisaidia nini? Naomba turudi kwenye mada.

Karani Mstaafu
Marahaba. Kama unalipia nimefuta kauli.

Nyuki Dume
Na mimi narudi kwenye mada basi. Machi 2020 korona ilipoanza Ulaya, Netflix na YouTube walipunguza ubora wa picha kwa sababu mtandao ulikuwa unaelemewa, kamishna wao Breton aliwaomba wakakubali. Ulaya hiyo, wenye faiba mpaka chooni. Sisi wa mnara mmoja tutajifanya nani? Kikomo lazima kiwepo.

Bwana Nukta
Lakini mkuu huo mfano wako unambeba mtoa mada. Wale walitangaza. Kila mtu alijua kinapunguzwa nini na kwa nini. Alichosema yeye toka posti ya kwanza ni namba iandikwe mbele. Hapa umemjibu mtu anayekataa kikomo ambaye humu hayupo.

Nyuki Dume
Mimi nimejibu nilichosoma.

Tajiri Mtoto
Mnasahau nyaya za baharini. Mwezi wa tano 2024 nchi nzima ilikwama, EASSy na SEACOM zote zilikatika. Labda na hii ya mtoa mada ni nyaya.

Mlinzi wa Zamu
Nyaya zikikatika tunakwama wote kaka. Jirani yangu ukuta kwa ukuta yuko mtandao uleule, yeye spidi yake iko vilevile kwa sababu yeye ni wa WhatsApp tu. Nimeenda na simu yangu kwake, nikaunga waifai yake, ikasoma 9.6. Nikarudi kwangu hatua ishirini, ikasoma 0.9. Halafu mniambie nyaya.

Kijana wa Songea
Hiyo ya 0.9 imeniuma. Na mnakumbuka Aprili 2021 vifurushi vilipopanda? Watu walipiga kelele mpaka serikali ikasitisha bei mpya. Kumbe tukisema tunasikika. Hili la kuandika namba mbele nalo tulisemee TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, tusiishie kupigana humu.

Fundi Antena
Narudi kwa Mama Ashura maana toka asubuhi niko juu ya bati la mtu namuwaza huyo bibi. Dada niwie radhi, niliongea kifundi nikasahau watu. Hebu niambie, hiyo TV ya Lindi ni ya aina gani na flashi yako inagoma wapi?

Mama Ashura
Yameisha kaka yangu. Ni ya inchi 32 ya zamani kidogo. Matatizo mawili. Muvi kubwa hazikubali kuingia kwenye flashi, inaandika faili kubwa mno na wakati flashi ni ya GB 32 tupu kabisa, nimebadilisha flashi mbili nikidhani ni feki. Na hizo zinazoingia nyingine zinatoa sauti tu, kioo cheusi. Kijana wa duka la muvi anasema TV imekufa.

Fundi Antena
TV haijafa, asikutie hasara. La kwanza, flashi yako ina mpangilio wa FAT32, huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi ingekuwa na GB mia. Iformati iwe NTFS, TV nyingi zinaisoma, ila hamisha vilivyomo kwanza maana kuformati kunafuta kila kitu. La pili, hizo zenye sauti bila picha zimebanwa kwa HEVC, wengine wanaandika H.265. Hiyo imetoka 2013 na uzuri wake ni kwamba ubora uleule inautoa kwa karibu nusu ya ukubwa, ndio maana wenye bando wanaipenda. Lakini TV ya zamani haijui kuifungua, inajua H.264 tu, ile iliyotangulia. Kwa hiyo kwa bibi shusha 720p ya H.264, inaingia kwenye GB moja na nusu hivi, kioo chake ndicho kinachoonyesha hapo na hutalipa pikseli asizoziona. Ukiwa nazo tayari za HEVC kuna programu ya bure inaitwa HandBrake, unazigeuza kwenye laptopu, ni polepole, iache usiku kucha.

Tajiri Mtoto
Kumbe ndio maana! Yangu nimeipeleka kwa fundi mara mbili kwa kioo cheusi hicho hicho.

Karani Mstaafu
Fundi, hii elimu ungeanza nayo jana.

Nyuki Dume
@Pwani254 nimemsikiza huyo DJ wenu jana usiku. Sawa, anajua. Lakini Lufufu bado.

Pwani254
Hahaha nimekubali nusu hiyo. Karibu Mombasa.

Mlinzi wa Zamu
Wakuu nimewapigia tena leo. Nimewaomba wanitajie kikomo ni GB ngapi, dada wa kwanza kaniambia hajui, kanihamishia kwa mwingine, naye kasema "inategemea". Nikamuuliza inategemea nini, simu ikakatika. Nimeandika barua, naipeleka kwa mkono kesho nikitoka zamu, nikishapata muhuri wa kupokelewa nakala naenda nayo TCRA. Zimebaki siku kumi na moja za Mbps 1.

Mama Ashura
Kila la heri kaka, utuletee majibu. Fundi, nimefomati kama ulivyosema, mdogo wake mume wangu ameibeba na basi la jana. Wamenipigia saa hizi, picha ipo na sauti ipo. Ila muvi moja niliyomwekea haijatafsiriwa, nilichanganya faili. Nasikia huko nyuma anamuuliza mjukuu wake, "huyo mwenye koti kasemaje?"