Riwaya ya kwanza: nina mazingira (Dar ya 1983), hadithi sina. Nianzie wapi kupanga?

Mkaa_Daftari
Wakuu, habari za jukwaani. Nataka kuandika riwaya yangu ya kwanza. Mahali ni Dar es Salaam mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Sokoine akiongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mhusika ni mwuzaji wa duka la ushirika Magomeni. Mtaa nauona, foleni naiona, ila nikikaa kuandika, ukurasa wa tano tu nimeishiwa. Mpango uwe mrefu kiasi gani? Na mambo ya zama ambazo sikuwapo niyapate wapi bila kuzama kwenye utafiti moja kwa moja?

Pwani_Kusini
Mkuu, andika kwanza sentensi moja yenye mambo manne: nani, anataka nini, kinamzuia nini, na akishindwa atapoteza nini. Mfano: "Mwuzaji wa duka la ushirika amemfichia shemeji yake katoni 12 za sabuni, msako ukifika mtaani, ama amtaje shemeji ama abebe kesi mwenyewe." Hapo kuna udugu na kuna gharama. Hilo la nne likikushinda kujaza, wazo bado bichi, na ndiyo sababu kalamu inagoma mapema hivyo.

Halafu amua mwisho kabla ya mwanzo. Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 ilimnyima mtuhumiwa dhamana na wakili, mpaka ilipokuja sheria nyingine mwaka 1984. Kwa hiyo mtu wako atasimama mbele ya baraza lililosikiliza kesi hizo ajitetee kwa mdomo wake mwenyewe. Historia imekupa kilele bure! Ukishajua atasema nini pale, rudi nyuma ukijiuliza: ili afikie kusema hivi, lazima kiwe kimetokea nini kabla yake? Rudi hivyo hivyo mpaka usiku ule katoni zilipoingizwa ndani.

Sasa kata karatasi ngumu ya manila vipande 24 hadi 30, kila kipande tukio moja. Mbele andika mahali, nani yupo na anataka nini. Nyuma andika kilichobadilika tukio lilipokwisha. Kipande ambacho nyuma ni cheupe kitupe, hata kama kina maelezo matamu ya foleni. Utakapopata taabu ni katikati, kuanzia kama kipande cha 9 hadi cha 17, kwa sababu mhusika anabaki kukimbia na kujificha tu. Dawa yake ni kumfanya atende ubaya kwa hiari yake. Mathalani, achezee daftari la mgawo ili ionekane sabuni ilichukuliwa na jirani. Kuanzia hapo hata msomaji anayempenda hatakuwa na raha naye.

Nondo_wa_Maktaba
Utafiti upe wiki sita, zikiisha anza kuandika. Pitia magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya mwaka huo. Kaulize maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Ukurasa wa mbele utakupa hotuba. Barua za wasomaji na matangazo madogo ndiyo yatakayokupa bei, bidhaa na manung'uniko.

Wazee usiwaulize "maisha yalikuwaje", watakujibu "magumu" na mazungumzo yameishia hapo. Uliza: foleni ya unga wa yanga (wa mahindi ya njano) ilianza saa ngapi? Nafasi ilishikwa na mtoto au na jiwe? Sabuni ikikosekana mlifulia nini? Nani mtaani alijulikana kuwa ana sukari, na mlijuaje?

Chunga sana vitu vya leo visivyopenya. Bara hakukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo habari za msako wanazisikia Radio Tanzania. Noti kubwa ilikuwa ya shilingi 100. Mlanguzi mwenye laki moja ana noti 1,000, hizo haziingii mfuko wa shati, ni furushi la kutafutiwa maficho. Tukio zima linaweza kuzaliwa hapo.

Ukikosa jambo katikati ya kuandika, usisimame. Andika XX uendelee. Hakuna neno la Kiswahili lenye herufi hizo, kwa hiyo baadaye unazitafuta kwenye kompyuta zote zinajitokeza.

Bi_Nukta
Vipande 30 ni vingi kwa wengine. Wapo wanaohitaji mwanzo, kilele na mwisho tu, wakijua kila kitu mapema hamu ya kuandika inawaisha. Jaribu vipande 10 kwanza.

Urefu: lenga maneno 50,000. Ushauri wa maneno 80,000 unaouona mtandaoni umepimwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. Ukurasa wa A5 huingia maneno 250 hivi, basi hiyo ni kama kurasa 200. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, unamaliza rasimu kwa wiki 20.

Lugha sasa. Rasimu za kwanza huharibiwa na -ka-: "akaingia, akaketi, akasema, akacheka", kurasa tatu mfululizo. Vunja mwendo kwa -ki- na -me-, au mwache mtu aseme bila kutangaziwa kwamba amesema. Usifungue na jua linalochomoza Jumatatu asubuhi, tafadhali. Na majina ya Taabu kwa maskini na Mabavu kwa katili yanamaliza hadithi kabla haijaanza. Usimulizi uwe sanifu ukitaka, lakini mwuza duka wa Magomeni asiongee kama taarifa ya habari.

Mkaa_Daftari
Asanteni sana wakuu. Huyo shemeji ndiye niliyekuwa namkosa. Je, nikiweka sura za mwanzo Facebook nipate maoni, kuna ubaya?

Pwani_Kusini
Kama unawaza Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu au shindano lingine, soma masharti yake kwanza. Mashindano ya miswada mara nyingi hutaka kazi ambayo haijachapishwa popote, na Facebook inaweza kuhesabiwa. Ni salama zaidi kutoa nakala tatu za muswada mzima: moja kwa mtu aliyekuwa mtu mzima 1983, moja kwa msomaji mlevi wa riwaya, moja kwa mwalimu wa Kiswahili. Usiwaulize wameionaje, watakusifia tu. Waombe wapige mstari mahali walipochoka wakaiweka chini. Mistari miwili ikiangukia ukurasa mmoja, ukurasa huo uandike upya.