Kubandua fremu ya plastiki kwenye tangi la samaki au kumpa fundi atengeneze jipya?

Kijana_Kigamboni: Wakuu, salaam. Nina tangi la kioo la dukani, lile lenye fremu nyeusi ya plastiki juu na chini. Sebule nimeipaka rangi upya na ile fremu inaniharibia kabisa, nataka vioo vitupu. Niibandue mwenyewe, au nimpe fundi wa vioo wa mtaani aniundie jingine lisilo na fremu? Ipi salama? Nataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi.

Kambale_Mwanza: Mkuu, hujataja urefu, upana, kimo wala unene wa kioo. Na juu kuna ule mkanda wa plastiki unaokatiza katikati, au hakuna? Bila hayo kila atakayekujibu anabahatisha.

BintiPangani: Mimi nasema bandua. Fremu inashikwa na silikoni tu. Toa samaki na maji, weka tangi juu ya blanketi, pasha plastiki kwa draya ya nywele ilegee, kisha pitisha wembe mwembamba kati ya plastiki na kioo. Ikigoma, imegue kidogo kidogo kwa koleo. Pembeni uwe mpole mno: pale ndipo ilipo silikoni inayounga kioo na kioo, ukiikata tangi limekwisha. Kingo zilizokuwa chini ya fremu mara nyingi hazijasuguliwa. Vaa glavu, zipige msasa wa maji zikiwa zimelowa, vumbi la kioo si la kuvuta.

FundiVioo_Ilala: Ya juu sawa, ya chini usiiguse kwanza. Chungulia chini ya tangi. Mengi ya dukani sakafu yake haigusi meza, uzito unabebwa na kingo zilizokaa ndani ya fremu. Ukiitoa na meza haijanyooka, kioo kinaelemewa sehemu moja na kinapasuka. Bora uje nikuundie jipya.

BintiPangani: Fundi, wewe ni muuzaji, lazima useme hivyo.

FundiVioo_Ilala: Dada, nauza ndiyo, lakini matangi yaliyovuja baada ya kubanduliwa naletewa mimi.

Mzee_Nyali: Wanangu, nisikilizeni. Ofisini kwa shemeji yangu hapa Mombasa kulikuwa na tangi la sentimita 120 kwa 40, kimo 50, hizo ni lita 240. Lilikuwa na mkanda wa katikati. Akamwita fundi mmoja, akakata fremu na mkanda wote, akasugua kingo, likapendeza kweli. Wakajaza siku hiyo hiyo. Shemeji akanipigia, “Njoo uone, sasa linang’aa.” Nilipofika nikaegemeza rula kwenye kioo cha mbele: katikati kilikuwa kimetuna, mwanga unapita kwenye ncha za rula. Nikamwambia apunguze maji nusu. Akasema fundi kamhakikishia. Usiku kiungo cha pembeni kikaachia, maji yakashuka mpaka duka la vitambaa la chini, samaki wote wakafa. Vitambaa vya watu alivilipa yeye, yule fundi hapatikani. Mkanda ule ndio uliokuwa unavuta kioo cha mbele na cha nyuma visiachane.

Kijana_Kigamboni: Pole sana mzee. Nimepima: urefu 75, upana 30, kimo 40. Kioo milimita 6. Mkanda wa katikati hakuna.

Kambale_Mwanza: Sasa tunaongea. Linganisha na ADA, kampuni ya Japani ambayo matangi yake hayana fremu: modeli yao ya 60-P ni sentimita 60 kwa 30 kwa 36, kioo milimita 6. 90-P ni 90 kwa 45 kwa 45, milimita 10. Lako limekaa katikati ya hayo mawili kwa ukubwa, lakini kioo ni cha lile dogo. Ukijaza mpaka ukingoni, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 60. Ukiishia sentimita 30 inashuka hadi kama kilo 34. Kinachohesabika zaidi ni kina cha maji.

BintiPangani: Au abandike vipande vya kioo kwa ndani kuzunguka ukingo wa juu, vishike mahali pa fremu. Silikoni iwe ile yenye harufu ya siki, isiyo na dawa ya ukungu. Na silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, mpya haishiki juu ya kuukuu.

Kambale_Mwanza: Humo kuna samaki gani?

Kijana_Kigamboni: Mbuna wa Ziwa Nyasa, wanane.

Dagaa_Kigoma: Mbuna wanane kwenye lita 90? Tangi hilo ni dogo kwao hata likiwa na fremu. Na mbuna wanaruka. Fremu ndiyo inayobeba kifuniko chako, ukiitoa utawaokota sakafuni. Weka wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, kina cha sentimita 30 kinawatosha.

Kambale_Mwanza: Wa Tanganyika hawajaulizwa hapa, mkuu.

Dagaa_Kigoma: Umemwambia mwenyewe asijaze zaidi ya 30. Mbuna atawaweka wapi?

Kijana_Kigamboni: Mbuna siwatoi. Fundi wa Ilala, jipya la 120 kwa 45 kwa 45 utatumia kioo cha milimita ngapi?

FundiVioo_Ilala: Kumi, na ukingo wa kioo kwa ndani. Unataka na kifuniko?

BintiPangani: Hilo la zamani kama unaliuza, nipo Tegeta.