Kubadili mwajiri kwa viza ya kea Uingereza: nibaki, nihame au niache kazi kwanza?

BintiPangani · 11 Januari 2026

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mnisaidie kupima, maana hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Niko Leicester tangu Oktoba 2023, kea wa majumbani, yaani natunza wazee nyumbani kwao, viza ya miaka mitatu. CoS yangu, ile hati ya udhamini anayotoa mwajiri, inasema saa 39 kwa wiki. Desemba nimelipwa saa 84, mwezi mzima, paundi 12.21 kwa saa. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Mteja wa kwanza ni bibi wa miaka 91: namwogesha, namfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja kwa sababu vidole vyake havikunji tena, namkorogea uji wa oti, naandika ripoti kwenye simu, natoka. Wateja wanne hivyo. Saa nne asubuhi nimemaliza, halafu nasubiri ndani ya gari hadi saa kumi jioni. Muda wa kutoka nyumba moja hadi nyingine haulipwi, na mafuta ni yangu. Nikiuliza naambiwa wateja wamepungua.

Nilivyoona mimi kuna njia tatu. Ya kwanza nibaki hapa niongeze kazi ya pembeni ya saa 20 kampuni nyingine. Ya pili nihamie kampuni moja ya Derby, wamenihoji na wanasema watanipa CoS. Ya tatu niandike barua ya kuacha, nipumzike kidogo, nitafute ndani ya zile siku 60 anazopewa mtu aliyepoteza mdhamini. Halafu kuna mtu kanipigia anasema ana CoS ya haraka kwa paundi 4,000.

Niko na binti yangu wa miaka saba, viza zetu zote zinaisha Oktoba mwaka huu. Kipi kina usalama?

MzeeWaCoventry · 11 Januari

Binti, pole sana. Nimehama kampuni mwaka jana kwa viza kama yako, kwa hiyo nakwambia nilichokipitia.

Hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike. Mwenye viza hii akitaka kuhama, mwajiri mpya anatoa CoS, wewe unapeleka maombi mapya Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji), na mpaka jibu litoke unaendelea na kazi ya zamani, unalipwa kama kawaida. Kazi mpya huruhusiwi kuigusa hata siku moja kabla ya jibu, hata kama ni ya kuonyeshwa tu. Wengi wanaharibikiwa hapo: kampuni mpya inawaambia "njoo uanze mafunzo", wanaenda, kumbe tayari wamevunja masharti.

CoS ukishapewa una miezi mitatu ya kuitumia, na maombi unaweza kuyapeleka hadi miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuanza. Kwa hiyo waombe Derby waweke tarehe ya kuanza mbele kidogo, upate nafasi ya jibu na ya notisi yako. Kwa kawaida jibu ni ndani ya wiki nane. Langu lilitoka siku ya 37. Kuna huduma ya haraka ya paundi 500, siku tano za kazi, ila mimi niliona hiyo ni kodi ya nyumba nusu mwezi.

Na usisafiri. Ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yanahesabika umeyaondoa. Mimi bibi yangu alizikwa Machame nikiwa katika wiki ya tatu ya kusubiri. Niliangalia mazishi kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mteja. Kama una safari ya nyumbani, fanya kwanza safari, maombi baadaye.

Nyali_Leeds · 11 Januari

Pole dadangu. Mimi ndiye wa njia yako ya kwanza, nimeifanya mwaka mmoja na miezi miwili.

Inaruhusiwa, na haihitaji CoS nyingine: kazi ya aina ile ile, isizidi saa 20 kwa wiki, nje ya saa za mwajiri wako mkuu, na uwe bado unafanya kazi kwa huyo mkuu. Mimi wikendi niko kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku.

Lakini piga hesabu. Saa 84 zako ni kama paundi 1,025 kwa mwezi. Saa 20 za pembeni kila wiki zikiwa kwa kiwango kile kile ni kama 1,058. Jumla unafika 2,083 kabla ya kodi. Sasa CoS mpya ya kea haiwezi kuwa chini ya paundi 25,000 kwa mwaka na paundi 12.82 kwa saa, tangu Aprili 2025. Gawanya 25,000 kwa 12: ni 2,083 hiyo hiyo. Derby wanakupa kwa kazi moja kile ambacho mimi nakipata kwa mbili, na mimi Jumatatu nashindwa hata kumsikiliza mtoto akinisomea.

Usishtuke pia ukiona slipu ya kazi ya pili ina msimbo BR. Pale kila paundi inakatwa asilimia 20, kwa kuwa kiasi kisichotozwa kodi kimeshawekwa kwenye kazi ya kwanza.

Kibaya zaidi, hiyo kazi ya pembeni haikushikilii hapa nchini. Mwajiri mkuu akipoteza leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya kuajiri watu wa viza, na haki ya ile ya pembeni imekwisha.

Mwana_Kivu · 12 Januari

Mimi nilipitia njia ya tatu bila kuichagua. Kampuni yetu ilinyang'anywa leseni, tukawa watu zaidi ya 20 tumesimama.

Dada, siku 60 hazianzi siku ile unaacha kazi. Mwajiri anatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi, kisha Home Office wanakutumia barua wakati wao, na siku zinahesabiwa kutoka kwenye barua. Kama viza imebaki chini ya siku 60, unapewa zilizobaki tu. Mimi barua yangu ilichelewa miezi, wengine ilikuja upesi. Nilikuwa nafungua barua pepe usiku wa manane, mkono unatetemeka. Huwezi kupanga maisha ya mtoto juu ya kitu hicho.

Na muda wote huo huna mshahara, hata ile saa 20 haipo, kwa sababu kazi kuu haipo. Ukipata mdhamini mpya ukapeleka maombi unaruhusiwa kubaki, lakini kazini huingii mpaka jibu. Tulikula akiba yote, halafu tukala ya rafiki. Aliyenitoa ni ubia wa mkoa, ule unaowasaidia makea ambao wadhamini wao wamepoteza leseni: niliandikisha jina bure, wakapeleka taarifa zangu kwa waajiri wenye leseni. East Midlands nao wanao. Waulize, hata kama bado uko kazini.

Tabora_Bristol · 12 Januari

Mbona hamsemi kutoka kwenye kea kabisa? Mke wangu alitaka kuhamia jikoni, upishi.

Tuliona ugumu ni mshahara. Waliopata CoS yao kabla ya 4 Aprili 2024 na wakaendelea bila kukatika wanadaiwa angalau paundi 31,300, wengine 41,700. Halafu unapoteza nafuu za viza ya afya na kea, ambayo ndiyo yako: kwa ada za 2025, badala ya ada ya paundi 304 unalipa 885 hadi miaka mitatu, na ada ya matibabu paundi 1,035 kwa kila mwaka. Miaka mitatu ni 3,990 kwa mtu mmoja. Tuliacha.

WakiliMwanafunzi · 12 Januari

Huyo wa paundi 4,000 mkatie simu, Binti, na namba yake izuie. Ada ya CoS ni paundi 525, anayelipa ni mwajiri, na kwa CoS zilizotolewa tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi kukudai wewe. Anayeuza CoS anauza kitu ambacho kesho Home Office wanakifuta, na jina litakalochafuka ni lako.

Kabla ya kusema ndiyo kwa Derby, fungua orodha ya wadhamini wenye leseni kwenye tovuti ya serikali, tafuta jina la kampuni herufi kwa herufi, hakikisha ni daraja A. Kwa England lazima pia iwe imesajiliwa na CQC, wakaguzi wa huduma za afya na kea. CoS ikifika, isome yote: jina kama lilivyo kwenye pasi, msimbo wa kazi 6135, saa, mshahara. Waulize pia hizo saa ni za wateja gani, waliopo leo au wanaotarajiwa. Swali hilo ndilo lingekuokoa 2023.

Na kuhusu muda wa barabarani kati ya mteja na mteja, huo unahesabiwa kwenye kima cha chini cha mshahara. ACAS, shirika la ushauri wa migogoro ya kazi, wanashauri bure. Mahakama ya kazi ina muda wa miezi mitatu kasoro siku moja, kwa hiyo tunza ratiba na slipu zako zote tangu sasa, zipige picha. Ukitaka mshauri wa viza wa kulipia, awe kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, ambayo zamani iliitwa OISC.

BintiPangani · 13 Januari

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Derby nimewakuta kwenye orodha, daraja A, na CQC wapo. Nimewaandikia wanitajie saa kwa maandishi. Kazini sijasema kitu, na barua niliyokuwa nimeianza kwenye simu nimeifuta.

Maswali mawili. Ile miaka mitano ya makazi ya kudumu inaanza upya nikihama? Na binti yangu naye anaomba?

WakiliMwanafunzi · 13 Januari

Haianzi upya, inaendelea kuhesabika tangu viza yako ya kwanza, mradi usiwe na pengo. Ila serikali imependekeza iwe miaka 10, na 15 kwa kazi za ngazi ya kea. Bado ni pendekezo, maoni yanapokelewa hadi 12 Februari 2026, na mimi nitapeleka yangu. Nawe peleka, eleza kuhusu yule bibi wa vifungo.

Mtoto halazimiki kuomba kwa sababu tu umebadili mwajiri, viza yake inaendelea hadi tarehe yake. Lakini kwa kuwa yake nayo inaisha Oktoba na wewe utapewa mpya, mwombee pamoja nawe, paundi 304 nyingine, tarehe zenu ziende sawa. Kwa kuwa ulikuwa kwenye kazi ya kea kabla ya 11 Machi 2024, haki ya kuwa na tegemezi unayo bado. Mwambie mtu wa Derby anayeshughulikia CoS ajue hilo mapema.

MzeeWaCoventry · 13 Januari

Marahaba, binti. Siku ukipeleka maombi niambie, nikufundishe kupiga picha ya pasi kwenye ile programu ya simu ya Home Office. Mimi ilinikatalia mara sita mpaka nilipoweka pasi juu ya kanga nyeusi.