Re: Kazi ya maboksi Louisville: makaratasi, trela na wiki mbili za kwanza

Dada wa Louisville:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Kuna vijana watatu wameingia hapa Louisville, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wana I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) na kadi ya soshali (yenye namba ya Social Security), kadi ya kazi bado haijaja. Wanataka kubeba maboksi kwenye kampuni za vifurushi. Waanzie wapi, na ni nini huko ndani waambiwe mapema?

Zamu ya Usiku:

Marahaba mdogo wangu. Wasingoje kadi ya kazi. I-94 yenye muhuri wa ukimbizi inapokelewa kwenye fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, kama stakabadhi ya siku 90. Kabla siku hizo hazijaisha, mtu alete kadi ya kazi, au kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya soshali isiyo na masharti. Iliyoandikwa VALID FOR WORK ONLY WITH DHS AUTHORIZATION (yaani ni ya kazi kwa kibali cha idara ya usalama wa ndani tu) haihesabiki hapo, ila ya mkimbizi kwa kawaida haina maneno hayo. Basi wakafuate kitambulisho cha jimbo wiki hii hii, wamalize I-9 mara moja wasirudierudie.

Sehemu ya kwanza ya I-9 anajaza mfanyakazi, mwisho siku ya kwanza ya kazi. Mwajiri ana siku 3 za kazi za kukagua karatasi: ukianza Jumatatu, mwisho wake Alhamisi. Zipelekwe zenyewe, si picha ya simu. Na mwajiri haruhusiwi kukuchagulia. Akisema bila grini kadi hakuandiki, mwoneshe orodha inayokuja na fomu. Wewe ndiye unayechagua.

Linalotukwamisha sana watu wetu ni jina. Mtu ana majina matatu, I-94 imetanguliza la babu, na kwenye maombi kaandika lile analoitwa nyumbani. Andika kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa ile ile ya kwenye makaratasi, hata kama ni 01/01 uliyopewa na karani wa kambi. Kampuni ikitumia E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi, na majina yasipolingana, mfumo unatoa jibu la muda kwamba kuna tofauti. Hapo hujafukuzwa. Unapewa barua, na una siku 8 za kazi za serikali kuanza kulishughulikia. Ukiendelea kulifuatilia, hawaruhusiwi kukuondoa wala kukupunguzia zamu kwa sababu hiyo. Anayeikunja barua na kuitia mfukoni ndiye anayepoteza kazi.

Maombi yanafanywa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Hapa Louisville kubwa ni Worldport, kituo cha vifurushi cha kampuni ya UPS pale uwanja wa ndege, na Amazon nao wana maghala. CV hawaulizi sana. Kinachotakiwa ni barua pepe unayoifungua kila siku na simu iliyowekwa sanduku la sauti, maana mwaliko unaweza kuja kwa ujumbe ukiwa na muda mfupi wa kujibu. Anayetaka dola 50 za "kukushughulikia nafasi" ni mwizi, hata kama anaongea Kiswahili kitamu kuliko mimi.

Mzee wa Trela:

Nyongeza kuhusu saa, maana hapo watu wanapotea siku ya kwanza kabisa. Barua ikisema *Tuesday 1:30 AM*, hiyo ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Unatoka nyumbani Jumatatu usiku. Anayengoja Jumanne ipite ndipo ajiandae, anafika amechelewa saa 24 na jina lake limeshafutwa. Tarehe nazo zinaanza na mwezi: 03/04 ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Halafu waulize usafiri wa saa hizo kabla hawajakubali zamu. Wakikodi gari la mtu, wapatane bei ya mwezi mzima, si ya siku moja moja.

Uzito. Tangazo likisema pauni 70, hiyo ni karibu kilo 32. Dumu la maji la lita 20 ni pauni 44. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni pauni 110. Kwa hiyo boksi moja halitishi mtu aliyelelewa kambini. Kinachotisha ni la mia tatu. Usilinyanyue kabla hujalijua: inua kona moja kidogo, utajua uzito wake na kama vya ndani vinacheza. Miguu iachane kiasi cha mabega, kunja magoti, boksi ligande tumboni, na ukigeuka geuza nyayo. Kiuno kikizunguka na mzigo ukiwa mkononi, mgongo hautafika Krismasi. La zaidi ya pauni 70 ita mtu wa pili, ndivyo utaratibu ulivyo.

Kupakia trela ni kazi ya fundi mwashi. Unajenga ukuta kutoka sakafuni hadi karibu na dari, mpana kama trela, ndipo unaanza mwingine mbele yake. Mazito na mapana chini, na kila boksi likalie kiungo cha mawili ya chini yake, kama tofali. Ukipanga nguzo nguzo, dereva akikata kona zote zinalala. Mapengo yazibe kwa vidogo, lebo zitazame juu au zikuelekee. Kimiminika chenye mishale ya juu hakilazwi.

Kupakua ni hatari kuliko kupakia, wageni wanadhani kinyume. Mlango ukifunguliwa simama pembeni, usikae katikati, kwa sababu ukuta huenda umeshaegemea mlango njiani. Anza juu, shuka ngazi kwa ngazi. Kuchomoa la chini kwa sababu ni jepesi kunakuangushia yote kichwani. Kifurushi chenye alama ya hatari ya umbo la almasi kikivuja, usikishike na usikifute. Sogea, mwite supavaiza.

Dada wa Louisville:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mmoja ni binti anavaa hijabu, itakuwaje kwenye mkanda unaosafirisha mizigo? Na mshahara wanakata nini?

Zamu ya Usiku:

Hijabu anaruhusiwa, sheria inamlinda. Ila mkanda huo haujui dini: achague ile ya michezo inayobana, achomekee ncha zote ndani ya fulana, pini aache nyumbani. Vivyo hivyo kamba za kofia, mikufu, rasta ndefu. Siku ya kwanza aulize kamba ya kusimamishia mkanda iko wapi kabla hata ya kuuliza choo. Viatu vya kufunika kifundo, soli isiyoteleza. Kama ncha ya chuma inatakiwa, barua ya kazi itasema, asinunue kabla ya kuisoma.

Mshahara: mkataba wa UPS na chama cha Teamsters wa 2023 uliweka dola 21 kwa saa kwa wanaoanza kazi ya saa chache kwa siku (part-time), na saa tatu na nusu za uhakika kwa siku. Mtu akifanya saa 25 kwa wiki, ni dola 525. Soshali (makato ya pensheni) inakata asilimia 6.2 na Medicare (bima ya afya ya wazee) 1.45, jumla dola 40 na senti 16. Juu yake kodi ya serikali kuu, ya jimbo na ya mji, na ada ya chama kwa aliyejiunga. Ovataimu ya sheria ya nchi, mara moja na nusu, inaanza baada ya saa 40 kwa wiki.

Fomu ya W-4, inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, wasinakiliane. Mwenye kazi mbili, au mume na mke wote wanafanya kazi, hatua ya 2 inawahusu. Wakiiruka wanakatwa kidogo mwaka mzima na kudaiwa Aprili. Watoto waandikwe kwenye fomu moja tu, ya mwenye mshahara mkubwa.

Mzee wa Trela:

Wakiumia, hata kidole tu, wamwambie supavaiza zamu hiyo hiyo na waombe nakala ya ripoti. Ukisema kesho yake utaulizwa kama hukuumia ukicheza mpira. Na yule wa umri wa chuo aulizie mpango wa masomo uitwao Metropolitan College: wanaofanya zamu ya usiku Worldport wanalipiwa ada University of Louisville au Jefferson Community and Technical College. Aulize kabla ya kuchagua zamu, maana ya mchana haimpi hiyo.