Krofishi na gumbo: Bellaire, mgahawa wa matawi mengi, au twende mpaka Breaux Bridge?

Korogwe_Katy

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba ulinganisho kutoka kwa wenyeji wa Houston na mliowahi kukaa Louisiana.

Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa nne, na mjomba wangu anafika wiki hiyohiyo kutoka Korogwe. Mjomba ameshatoa amri kwenye grupu la familia: asipelekwe kwenye baga, anataka kula "wale wadudu wekundu" aliowaona kwenye picha zetu. Yaani krofishi, wale kamba wa maji baridi wenye magando. Mama mkwe ni mtu wa swala tano, nguruwe hata harufu hataki. Mjomba bila bia hajala. Tuna watoto wawili, na mdogo akigusa pilipili nyumba nzima inajua. Bili nalipa mimi.

Kuna migahawa mikubwa yenye matawi mengi, mfano Pappadeaux: viti vizuri, menyu ndefu, pa kuegesha gari hapakosi. Kuna Wavietnamu wa barabara ya Bellaire hapa Houston, wale wa krofishi wa siagi na vitunguu saumu. Halafu kuna shemeji yangu anayesema hivyo vyote ni maigizo, tuwashe gari Jumamosi twende Breaux Bridge, Louisiana, kwenye mgahawa wa kawaida wenye baa na muziki. Kutoka kwetu Katy, nje kidogo ya Houston, ni karibu saa nne, kwenda tu. Mnasemaje?

Mzee_wa_Bellaire

Bellaire. Wala usijiumize kichwa.

Wavietnamu wengi walifika pwani hii ya Ghuba baada ya vita kwisha 1975, na wengi waliingia kwenye uvuvi wa kamba, kwa hiyo mambo ya magamba na magando wanayajua. Tofauti yao na Louisiana iko kwenye hatua ya mwisho. Louisiana viungo vinamalizikia kwenye maji ya kuchemshia. Bellaire wakishawachemsha wanawamwaga kwenye bakuli kubwa, wanatia siagi iliyoyeyuka na vitunguu saumu vya kutosha kukufukuzia mbu wiki nzima, kisha wanawarusharusha mpaka kila ganda ling'ae. Crawfish & Noodles ya Bellaire Boulevard ndiyo iliyosikika zaidi; mpishi wake, Trong Nguyen, ametajwa mpaka kwenye tuzo za James Beard, zile za wapishi wa Marekani.

Ila ujiandae kwa hesabu. Wanauzwa kwa pauni, kwa bei ya siku hiyo, na nyama ya mkia ni kama asilimia 15 tu ya uzito. Mjomba akiagiza pauni 3, hiyo ni kilo moja na gramu 360, akimaliza kumenya amekula nyama ya gramu 200 hivi. Mahindi na viazi vinavyochemshwa humo ndivyo vitakavyomshibisha. Na bei inategemea msimu ulivyoamka: 2024 ukame na joto la kiangazi kilichotangulia viliwaua wengi mashambani, pauni ikapanda mpaka watu wakahamia kwenye kuku.

BintiMvita

Mwalikimbilia krofishi nyote, na mama wa watu mwamwacha wapi?

Krofishi mwenyewe kwa wengi wetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii hana neno, asiyemla ni kinyaa chake tu. Balaa ni nguruwe asiyetajwa. Andouille ni soseji ya nguruwe, tasso ni nguruwe, boudin ni wali na nyama ya nguruwe pamoja na maini yake, vimeshindiliwa kwenye utumbo. Hivyo angalau vina majina. Lakini maharage mekundu nayo hupikwa na soseji au mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, mboga za majani vivyo hivyo, na jambalaya, ule wali wao wa mchanganyiko, hata usiulize. Mama mkwe wako ataona wali kwa maharage kwenye menyu, moyo utatulia kwa kuona chakula cha nyumbani, kumbe ndicho cha kuogopwa kuliko vyote pale mezani.

Kwenye kuchemsha, pengine soseji huingia sufuria moja na krofishi, pengine huchemshwa kando na kuongezwa ukiagiza. Uliza swali hilohilo: "Soseji inachemshwa wapi?" Ukiuliza kama kuna nguruwe, mhudumu atakwambia hakuna, akilini mwake anafikiria vipande vya nyama. Uliza na mafuta ya kukaangia, kwa sababu vidonge vya boudin na kambare huzama kwenye mafuta mamoja.

Mimi huagiza samaki aliyepakwa siagi na viungo akababuliwa kwenye kikaango cha chuma. Mtindo huo aliupa umaarufu Paul Prudhomme kwenye mgahawa wake wa New Orleans, na karibu kila mahali pa Cajun, yale mapishi ya Louisiana, leo wanao. Kwa mgeni wako mgahawa mkubwa ndio salama: menyu ndefu, na ukiomba meza iliyo mbali na kaunta ya pombe utapewa. Mengine ni ya mjomba.

Kamau_Naivasha

Si mnajua hao wako Naivasha? Waliletwa 1970, aina ile ile ya Louisiana, wakakula mimea ya ziwa karibu waimalize. Sisi tulikuwa tunawaona kwa nyavu za wavuvi wakipelekwa hoteli za watalii, nyumbani hakuna mtu alikuwa anagusa. Saa hii nalipa dola kula kitu nilikuwa nakirushia mawe. Endeleeni.

PapaKivu

Jambo bandugu. Shemeji yako iko na haki.

Mimi naishi upande wa Lafayette. Watu wa Houston wanadhani Cajun ni unga wa pilipili kwenye kopo. Ni watu. Waingereza walianza kuwafukuza Acadie, upande wa Kanada ya leo, mwaka 1755, na wengine wakaishia kwenye mabwawa ya huku. Wazee bado wanaongea Kifaransa chao. Na changu cha Bukavu tunasikilizana, ijapokuwa wanacheka namna ninavyotamka. Breaux Bridge ilipewa na bunge la Louisiana jina la mji mkuu wa krofishi duniani mwaka 1959, na tamasha yao ni mwanzo wa mwezi wa tano.

Ukifika huku utaona wanakotoka. Mpunga ukishavunwa, mashamba yanajazwa maji tena, krofishi wanatoka mashimoni na kulishwa na yale mabua yanayooza. Unapita barabarani, unaona vichwa vya mitego vimejipanga juu ya maji, na mtu mmoja kwenye mtumbwi wenye gurudumu anapita katikati akimwaga na kutega upya. Mjomba wa Korogwe atataka kushuka kwenye gari.

Jumamosi asubuhi Breaux Bridge unaweza kukuta zydeco, muziki wa kucheza wa huku, inapigwa toka saa ya kifungua kinywa. Akodioni, na yule aliyevaa bati la kukwaruza kifuani. Watu wanaacha mayai mezani wanaenda kucheza, na bia iko. Watoto wanacheza na mabibi wasiowajua. Hiyo kwenye mgahawa wa matawi mengi hauipati.

Mzee_wa_Bellaire

PapaKivu, maneno matamu, lakini ni saa nane barabarani, kwenda na kurudi, na bibi mzee, watoto wawili, na mjomba aliyeshaanza bia asubuhi. Nani atasimamisha gari kila baada ya maili kumi?

Chillah_Spring

Mmesahau baa za uwanjani. Msimu ukiwaka, wikendi baa nyingi za Houston zenye meza nje wanaleta majiko ya gesi na masufuria, wanachemshia hapohapo. Unasimama foleni, unapewa trei, unakaa kwenye benchi, mnakula juu ya magazeti. Hakuna mhudumu wa kukuzungukia kwa hiyo hata tipu inapungua. Mjomba atafurahi. Mama mkwe usimlete.

Dada_Jikoni

Mimi niko jikoni kwenye mgahawa wenye baa wa Cajun hapahapa Houston. Jina nalihifadhi, bosi wangu anasoma kila kitu.

Mnabishana krofishi wa nani ni mtamu, na krofishi ni kitu rahisi kuliko vyote tunavyopika. Akiwa hai, ameoshwa vizuri, maji yana chumvi na pilipili, umemaliza. Mahali panajulikana kwa gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana. Unga na mafuta, moto wa wastani, mwiko hautoki sufuriani. Unaanza mweupe, unakuwa rangi ya karanga, unaendelea mpaka kahawia iliyokolea, na hapo kati ya kukolea na kuungua unazungumzia dakika moja. Ukiona vidoa vyeusi umwage uanze upya, hakuna kuokoa. Ikifika pake, unatupia vitunguu maji, hoho la kijani na seleri vyote kwa mkupuo. Inachachatika, mvuke unakupanda usoni, na ule unga unaacha kuendelea kuiva. Mkono unauma mpaka begani. Wenye haraka wananunua ya chupa, ipo madukani, na ulimi unajua.

Kwa hiyo mkikaa tu, agizeni kikombe kimoja cha gumbo kabla ya kitu kingine. Ikinuka unga mbichi, kuleni vya kukaanga mwende zenu. Gumbo ya Cajun haina nyanya. Ukiiona nyekundu, ama imepitia New Orleans ama imepitia kwenye kopo. Nyingine ina bamia, ambazo zilivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani, nyingine inatiwa uzito kwa unga wa majani ya mti wa sassafras waliouanzisha Wachoctaw, wenyeji wa asili wa huku. Ila BintiMvita yuko sahihi: hata gumbo ya kamba mara nyingi ina andouille ndani. Mama mkwe aonje kwa macho.

La watoto: pilipili ya krofishi haitoki kwenye kuchemka, inatoka kwenye kuloweka. Tukizima moto tunawaacha humo wanywe maji ya viungo, na kila dakika inaongeza ukali. Viazi ndivyo vinavyonywa kuliko vyote, kwa hiyo ukidhani unamponya mtoto kwa kiazi cha humo ndiyo unammaliza. Mwagizieni kamba wa kukaanga na chipsi.

Na étouffée, mchuzi mzito wa krofishi wa kulia wali, ikiwa nje ya msimu, fahamuni mikia hiyo imetoka kwenye friza, na si lazima friza ya Marekani. Louisiana sheria inautaka mgahawa useme kama kamba au krofishi wake wametoka nje ya nchi. Texas uliza mwenyewe.

BintiMvita

"Aonje kwa macho." Hilo naliandika ukutani.

Korogwe_Katy

Mmenifungua macho, hasa la maharage, maana ndiyo kitu cha kwanza ningemwagizia. Maswali mawili. Nilikuwa nafikiria Ijumaa jioni, nikitoka kazini. Na mjomba ana umri wa miaka 60 na kitu, je, watamsumbua kwenye bia?

Mzee_wa_Bellaire

Ijumaa epuka kama bado ni Kwaresima. Wakatoliki wa Louisiana na Texas hawali nyama siku hiyo, wote wanahamia kwenye krofishi na samaki, na Ijumaa Kuu ndiyo usijaribu kabisa, familia nzima nzima zinachemsha. Nenda katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano. Foleni fupi na mpishi ana utulivu.

Chillah_Spring

Mjomba abebe pasipoti. Mvi si kitambulisho hapa, sehemu nyingine wanamwomba kila mtu. Watoto hawana shida kwenye mgahawa wenye baa, ila wasikalishwe kaunta.

Dada_Jikoni

Na mjomba afundishwe kabla hajaaibika: shika kichwa mkono mmoja, mkia mkono mwingine, zungusha, vuta. Menya pete mbili za kwanza za ganda, bana ncha ya mkia kwa vidole, nyama inateleza yenyewe. Yale mafuta ya njano kichwani ndiyo utamu, wenyeji wanafyonza. Asiguse macho mpaka aoshe mikono kwa limau na sabuni, na hata baada ya hapo asiguse.

Korogwe_Katy

Basi nimegawa. Jumapili mchana familia nzima mgahawa mkubwa, meza ya mbali, mama mkwe apate samaki wake wa kwenye chuma. Jumatano mimi na mjomba Bellaire, wawili tu, pauni 4 kila mtu tuone.

PapaKivu

Na Breaux Bridge?

Korogwe_Katy

Shemeji akiweka mafuta kwenye gari na akaendesha yeye, tunakuja.

Dada_Jikoni

Hiyo Jumatano piga simu mchana kabla hamjatoka. Uliza bei ya siku, na uliza saizi. Wakikwambia ni wadogo, anzeni na pauni 2, maana ukubwa ukipungua kazi ya kumenya inaongezeka na bei haishuki.